Dawa tumemeza sana, tumbo linarudi pale pale

Habari za kazi, daktari.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na ninapoandika haya mdogo wetu wa miaka miwili amelala baada ya kuharisha asubuhi nzima. Mambo yalianza mvua zilipoanza. Aliugua kwanza wa katikati, akafuata mdogo, halafu mimi. Si kuharisha kwa maji matupu. Choo ni laini, rangi imefifia, kinanuka kupita kawaida, na ukimwaga maji kinabaki kinaelea kwa sababu ya mafuta. Tumbo linajaa gesi na kuunguruma usiku, na nikibeua nasikia harufu ya yai viza. Damu sijaona, homa hakuna. Siku mbili tatu tunapata nafuu, tunadhani yamekwisha, kisha yanaanza upya. Mtoto nguo zinampwaya.

Nilimpeleka kupima. Karatasi ya kwanza iliandikwa amiba, nikapewa dawa. Tatizo liliporudi, maabara nyingine ikasema hakuna kitu. Nikachoka, nikawa napitia tu duka la dawa, nanunua metronidazoli na kuwagawia. Wa katikati anaitapika kwa sababu ya ladha yake, kwa hiyo nikiona amepata nafuu namwachisha. Mume wangu haumwi, lakini nilimlazimisha ameze naye. Alimeza siku mbili, Ijumaa ikafika, akasema dawa hiyo na bia haviendi pamoja, akachagua bia. Dawa ya minyoo pia nimewapa wote.

Kuhusu maji, tunatumia ya kisima, yanapandishwa kwenye tangi. Tangi likijaa natia klorini. Ya kunywa nachemsha, ila gesi ikikaribia kuisha nikiona tu mvuke naepua. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ndiye anayeshinda na mtoto, anasema maji hayana kosa: mbona yeye na mwanawe wanakunywa hayo hayo na hawaumwi? Kwake yeye mtoto anaota meno, na mimi nina tumbo dhaifu tangu nilipoolewa. Nikisema neno, nyumba nzima inanuna.

Naomba unisaidie. Ni amiba au siyo? Dawa imekuwa sugu kwetu? Hatuwezi kutibiwa bila kupima tena, maana naona aibu kubeba kopo la choo mbele za watu? Na mkubwa wetu ana mafunzo ya kuogelea likizo hii. Yeye aliharisha siku chache tu, ikaisha wiki iliyopita. Aende?

Mama wa Watatu

*

Mama wa Watatu, pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuuguza huku nawe ukiumwa.

Nianze na hoja ya mama mkwe, kwa sababu ndiyo inayokukwamisha hapo nyumbani. Kwamba yeye na mwanawe wanakunywa maji hayo hayo na hawaumwi, ni kweli, wala hadanganyi. Ila ukweli huo hauyasafishi maji. Vimelea vya tumboni havimwangushi kila aliyevimeza. Amiba anayedhuru, kwa mfano, takriban watu tisa kati ya kumi walio naye hawaoni dalili yoyote. Jiadia, kimelea mwingine wa tumboni, naye ana wabebaji wa namna hiyo. Mtu anakula, anafanya kazi, ananenepa, na kila akienda chooni anatoa vimelea vilivyojifunga ndani ya ganda gumu, tayari kuingia kwa mwingine. Kwa hiyo aliye mzima katika nyumba yenye wagonjwa hatuwezi kumtumia kama ushahidi wa usalama wa maji. Huenda ndiye anayewarudishia ugonjwa, bila kujua na bila kosa. Na meno, hata kama mtoto kweli anaota magego, hayaelezi kwa nini mama yake naye anaharisha.

Sasa swali lako la kwanza. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini kwa ulivyoeleza ningemshuku jiadia kabla ya amiba. Amiba hukaa kwenye utumbo mpana na kula ukuta wake. Anayeumwa naye hupata tumbo la kukata, hukimbilia chooni mara kwa mara kwa kidogo kidogo, na choo huja na kamasi na damu. Jiadia hukaa juu zaidi, kwenye utumbo mwembamba, amejishikiza ukutani kwa kisahani cha kunyonyea kilicho upande wa chini wa mwili wake. Wakiwa wengi, utumbo hushindwa kufyonza mafuta ya chakula. Mafuta hayo hutoka na choo, ndiyo maana kinaelea na kugoma kushuka. Chakula kisichofyonzwa huchachuka kikawa gesi, na mbeuo wako wa yai viza ni malalamiko ya kawaida kabisa ya watu wenye jiadia. Kupata nafuu kisha kurudi, na mtoto kupungua mwili, vinaelekea huko huko.

Kwa nini basi karatasi ikasema amiba? Kuna amiba mwingine asiyemdhuru mtu, na chini ya hadubini wawili hao wanafanana kama pacha. Mpimaji akimwona mmoja wao anaandika "amiba", basi. Ushahidi mzuri zaidi kwa jicho ni kumkuta amemeza chembe nyekundu za damu. Bila hilo, neno "amiba" peke yake halijasema kwamba ndiye anayewaumiza. Yaani mtu anaweza kutibiwa amiba asiye na hatia huku jiadia akiendelea na shughuli zake.

Karatasi ya pili nayo, iliyosema hakuna kitu, si neno la mwisho. Jiadia hatoki chooni kila siku. Leo wapo tele, kesho haonekani hata mmoja. Ndiyo sababu tunaomba sampuli tatu za siku tofauti, au kipimo cha antijeni, ambacho hutafuta chembechembe za mwili wa kimelea chenyewe na hukosea mara chache kuliko jicho lililochoka kwenye hadubini. Uliza pia kuhusu kriptosporidia, kimelea wa tatu anayeharisha watu. Huyu ni mdogo mno, na kwenye kipimo cha kawaida cha choo hupita bila kuonekana mpaka maabara itumie rangi maalumu. Mara nyingi haitaitumia usipoomba.

Kwa hiyo ndiyo, mtapima tena, na safari hii wote sita. Aibu ya kopo tuiweke kando. Antonie van Leeuwenhoek, fundi wa lenzi wa Delft kule Uholanzi, mwaka 1681 alichungulia choo chake mwenyewe akiwa anaharisha, akaandika barua kueleza vijidudu alivyoona vikicheza mle ndani. Wataalamu wanaamini huyo alikuwa jiadia, na barua ile haikumpunguzia heshima. Kopo safi lenye kifuniko, ndani ya mfuko usioonyesha, ndani ya mkoba: nani atajua? Choo kisichanganyike na mkojo wala maji. Kikiwa cha majimaji kifike maabara ndani ya nusu saa hivi, kwa sababu vimelea vilivyo hai nje ya ganda hufa upesi na kupoteza umbo. Kama nyumbani ni mbali, heri kukitolea huko huko kliniki.

Dawa imekuwa sugu? Usugu upo, lakini sioni sababu ya kuulaumu kabla dawa haijapewa nafasi. Metronidazoli kwa jiadia hutumika siku tano hadi saba, kipimo kikifuata uzito wa mtoto. Wa katikati anaachishwa akipata nafuu, mumeo aliishia siku ya pili, na vidonge viligawanywa kwa kukadiria. Dozi iliyokatwa inapunguza vimelea tu. Dalili zinatulia, waliobaki wanazaana, na baada ya siku chache mko pale pale. Hapo nakuomba sana, duka la dawa lipumzike. Kila mzunguko wa kubahatisha unafanya kipimo kinachofuata kiwe kigumu kusoma.

Njia mbadala zipo, na mweleze daktari wenu kuhusu kutapika. Tinidazoli humaliza kazi kwa jiadia kwa dozi moja tu, ila ni kwa aliyefikisha miaka mitatu. Nitazoksanidi hutolewa kwa siku tatu, ipo ya maji, na inafaa hata kwa mtoto wa mwaka mmoja. Ndiyo pia tunayoitumia kwa kriptosporidia. Ikibaki metronidazoli, impe baada ya chakula. Ile ladha ya chuma mdomoni na mkojo kuwa mweusi kidogo havidhuru. Na wewe, kama una mimba au unanyonyesha, sema kabla hujaandikiwa chochote. Kuhusu bia, mumeo alikuwa sahihi kwamba havichanganyiki, na tunashauri kukaa bila pombe siku chache hata baada ya kidonge cha mwisho. Kanuni aliijua, akakosea kwenye kuchagua. Akiandikiwa dawa baada ya kupimwa, aanze Jumapili.

Dawa ya minyoo mliyomeza si mbaya, ila ile dozi moja inalenga minyoo ya mviringo na safura. Jiadia na amiba si minyoo. Ni viumbe vya seli moja, na dozi hiyo haiwamalizi.

Ikithibitika kweli ni amiba anayedhuru, matibabu yana hatua mbili, na ya pili husahaulika mno. Metronidazoli, kwa siku saba hadi kumi, huwaua waliovamia ukuta wa utumbo. Waliojifunga kwenye maganda ndani ya utumbo hubaki, na hao wanahitaji dawa nyingine baada yake, kama paromomaisini au diloksanaidi. Usipopewa hiyo, uliza. Amiba akiachwa anaweza kusafiri hadi kwenye ini na kutengeneza jipu, wakati mwingine miezi mingi baada ya tumbo kutulia. Maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa si ya kusubiri. Na huyu, tofauti na jiadia, hutibiwa hata akikutwa kwa mtu asiye na dalili. Kwa jiadia asiyeleta dalili daktari huamua kwa kuangalia mazingira, na nyumba yenye ugonjwa unaozunguka kama yenu ni mazingira ya kutosha kumtibu mbebaji pamoja na wagonjwa, katika wiki ile ile.

Jambo moja litakuchanganya baadaye. Baada ya jiadia kuondoka, utumbo huchukua wiki kadhaa kurudisha uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mtoto aliyepona akinywa maziwa anaweza kuharisha na kujaa gesi, ukadhani ugonjwa umerudi. Msikimbilie dozi nyingine. Punguzeni maziwa hayo kwa muda muone, na mkiwa na shaka pimeni. Maziwa ya mama hayakatizwi.

Wakati mnasubiri majibu, mdogo apewe maji ya ORS kila akiharisha, na zinki 20 mg kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta si vya kilima. Macho yakididimia, akikosa mkojo kwa saa nyingi, akilegea, akitapika kila anachokunywa au ukiona damu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa maji. Klorini unayotia ina faida. Inaua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo vizuri, kwa hiyo usiache. Ila ganda la jiadia linahitaji klorini nyingi na muda mrefu kuliko bakteria, na maji yakiwa ya baridi au ya tope inazidi kushindwa. Kriptosporidia ndiyo haimtishi kabisa. Mwaka 1993 Milwaukee, Marekani, mji wenye mitambo ya kutibu maji na wataalamu wake, alipita kwenye mabomba na kuwaangusha kwa ugonjwa watu wanaokadiriwa kufika 403,000. Klorini ilikuwemo. Kilichoshindwa ni uchujaji.

Moto ndio unaowaweza wote watatu. Lakini mvuke si mchemko. Subiri maji yabubujike kweli, sufuria nzima, kisha yaendelee dakika moja. Kwenye miinuko ya zaidi ya meta 2,000, dakika tatu. Ukipitisha hapo unaunguza gesi bure. Nasema hivi kwa sababu wengi huchemsha dakika kumi, gesi inawaishia, halafu wiki nzima hawachemshi kabisa. Dakika moja kila siku inakutosha. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, mimina ya juu kupitia kitambaa safi, ndipo uchemshe. Mkipenda chujio, tafuta lililoandikwa kwamba linazuia vitu vya ukubwa wa maikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita) au chini ya hapo. Lile la kuondoa harufu na ladha tu halizuii vimelea.

Kisha fuatilia maji yaliyochemshwa yanakwenda wapi. Hapa ndipo nyumba nyingi huanguka. Mama anachemsha vizuri, anamimina kwenye ndoo ya mdomo mpana, na kila mwenye kiu anazamisha kikombe pamoja na vidole. Jiadia kumi tu wanatosha kumwambukiza mtu. Weka chombo chenye mfuniko na bomba, au cha shingo nyembamba cha kumimina. Tazama pia mswaki: mnasukutua kwa maji gani? Barafu mnagandisha ya maji gani? Vinavyoliwa vibichi vinaoshwa na nini? Ukikuta jibu ni tangi katika moja ya hayo, umepata tundu.

Kwamba ugonjwa ulianza na mvua kunanifanya nimtilie shaka kisima chenyewe. Maji yanayotiririka juu ya ardhi hubeba kinyesi cha watu na cha ndama, ambao kriptosporidia huwapenda, na kuingia kisimani kama mdomo haujainuliwa na kufunikwa. Mvua ikinyesha, toka uone maji yanaelekea wapi. Choo cha shimo kikae angalau meta 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Mfuniko wa tangi nao, panda mtu auangalie.

Maji siyo njia pekee, na hapo tunarudi kwa anayebadilisha nepi. Ganda la jiadia likishatoka chooni linaambukiza papo hapo, halihitaji kukaa udongoni kama mayai ya baadhi ya minyoo. Mtoto wa miaka miwili anashika makalio, anashika kikombe, bibi anamfuta, kisha anamlisha. Sabuni na maji yanayotiririka, baada ya nepi, baada ya choo na kabla ya kugusa chakula, ndivyo vinavyofaa. Jeli ya spiriti usiitegemee, maganda haya haiyawezi. Wewe usiwe wa kumwambia mama mkwe hayo. Mwende naye siku ya kupeleka sampuli, kwa kuwa naye anapimwa, na mwombe mhudumu aeleze mbele ya wote namna ya kunawa na kwa nini wazima nao wamepimwa. Neno likitoka kwa mhudumu halina mke wa mwana ndani yake.

Mkubwa asiende kuogelea kwa sasa. Kwa aliyekuwa na kriptosporidia tunashauri wiki mbili kamili baada ya kuharisha kukoma, kwa sababu huendelea kumtoa akiwa amepona, na kwenye bwawa lenye klorini sahihi kimelea huyo huishi zaidi ya wiki. Kwa kuwa hatujui alikuwa na nini, na ni wiki moja tu tangu akome, mhesabie wiki hizo mbili na umpime na wenzake. Mwalimu wake wa kuogelea mwambie sababu halisi. Kama kuna mtoto mwingine kwenye bwawa hilo aliyeharisha, atataka kujua.